Moyo wa Mgonjwa na Umaskini wa Mtaa Wake



Sisi walimu wa madrasa tunapoutaja moyo, aghalabu huwa twakusudia ule moyo wa imani, usafishwao kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu na uchafuliwao kwa husuda na kibri. Leo nataka kuutaja moyo mwingine, yaani ile nyama ya kadiri ya ngumi ya mtu iliyomo kifuani, isukumayo damu usiku na mchana bila ya kupumzika. Kwa muda wa miaka mingi ya kusomesha hapa Suguti, katika nchi hii ya ufukwe wa Ziwa Victoria, nimewazuru wagonjwa wengi wa moyo. Nimekaa vitandani pao, nimewaombea dua, na wengine nimesimama mbele ya majeneza yao. Katika ziara hizo liko jambo moja nililoliona mara nyingi, na nalitaka kuliweka mbele yenu kwa kuwa latuhusu sote. Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa wa moyo hapati nafuu wala hafi kwa sababu ya moyo wake tu, wala kwa sababu ya mfuko wake tu. Mtaa anaokaa nao una neno kubwa katika maisha yake.

Mtu akivunjika mguu, huenda hospitali akafungwa, akalala siku zake, kisha akarudi nyumbani kazi kubwa ikiwa imekwisha kutendeka kulekule. Maradhi ya moyo hayako hivyo. Daktari humpima mgonjwa, humpa dawa, humtoa maji yaliyomjaa mapafuni na miguuni, kisha humwambia: nenda nyumbani. Na huko nyumbani ndiko tiba yenyewe inakoanza, kwani tiba hii aghalabu haina mwisho mpaka mwisho wa uhai. Daktari humwona mgonjwa saa moja katika mwezi. Saa zote zilizobaki mgonjwa yumo mikononi mwa watu wa nyumba yake na majirani zake.

Basi tuyatazame maagizo ayapewayo mgonjwa siku ya kutoka hospitali. Huambiwa ameze vidonge kila siku bila ya kukosa hata siku moja. Huambiwa apunguze chumvi, ale mboga na matunda, asibebe mizigo mizito, na aache tumbaku. Huambiwa arudi kupimwa baada ya muda fulani. Tena huambiwa kwamba akiona miguu inavimba, au usiku pumzi zinambana hata hawezi kulala ila kwa kukaa, basi asingoje asubuhi. Maneno haya ni mepesi kuyasema, na kila moja lina maana yake kubwa katika elimu ya uganga. Lakini kila moja lina bei, na bei hiyo haiandikwi na daktari. Huandikwa na mahali mtu anapokaa.

Vidonge ni vya kila siku. Je, duka la dawa liko umbali gani, na hicho kidonge chake kimo? Chumvi ni ya kupunguza. Lakini penye watu wasiokuwa na barafu wala umeme wa kutegemewa, samaki huwekwa kwa chumvi, na maskini hula kile kilichowekwa. Mizigo haifai kubebwa. Lakini maji yako kisimani au ziwani, na mama mwenye moyo dhaifu hana binti wa kumchotea. Kliniki ni ya kila mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumba nzima cha siku kadhaa. Na usiku pumzi zinapombana, je, kuna pikipiki pale kijijini, ina mafuta, na mwenye nayo ataamka? Hayo yote hayamo katika cheti cha daktari, nayo ndiyo yapimayo umri wa mgonjwa, kwa idhini ya Mola.

Nitawapa mfano wa watu wawili niliowajua. Majina yao nayahifadhi. Wa kwanza ni fundi wa viatu katika mji wa Musoma, mtu asiyekuwa na kitu ila sindano yake, uzi wake na chumba kimoja cha kupanga. Wa pili alikuwa mvuvi katika kijiji kimoja cha ufukweni, mwenye mitumbwi miwili, nyavu nzuri na nyumba ya bati. Wote wawili walipata maradhi ya namna moja: shinikizo la damu, ambalo watu wetu huliita presha, lililokaa miilini mwao miaka mingi bila ya kujulikana, mpaka likaidhoofisha mioyo yao. Wote wawili walitoka hospitali katika masika ya mwaka mmoja, na vidonge vyao vilikuwa karibu sawasawa.

Yule fundi, ijapokuwa alikuwa maskini zaidi, alikuwa na duka la dawa mwanzo wa kichochoro chake. Alipokosa fedha wiki moja, mwenye duka alimwandikia deni kwa kuwa alimjua. Bomba la maji lilikuwa uani. Kupimwa presha alikwenda kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani. Na asubuhi asipoonekana katika swala ya alfajiri, jamaa wa msikiti walikuwa wakipita kumgongea mlango. Mpaka leo yu hai, alhamdulillahi, na viatu vya wanangu ndiye avishonaye.

Yule mvuvi mambo yake yalikuwa kinyume. Vidonge vilipomwishia, zahanati ya karibu naye haikuwa navyo, na gari la kwenda mjini lilikuwa likipita asubuhi tu, na mvua ikinyesha halipiti. Msimu ule samaki walikuwa wachache, na fedha yake yote alikuwa ameitia katika nyavu. Basi akaanza kumeza kidonge kimoja kwa siku mbili ili vimfikishe mbali. Hakuna aliyemwambia kuwa si halali ya moyo kudhulumiwa hivyo, kwa kuwa katika kijiji kile hapakuwa na mtu ajuaye. Usiku mmoja pumzi zikambana. Majirani walikuja wote, hakuna aliyebaki kitandani, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini pikipiki ilikuwa moja na haikuwa na mafuta. Alifariki njiani kabla ya jua kuchomoza. Mali yake ilikuwa ziwani na dawa yake ilikuwa mjini, na baina ya viwili hivyo palikuwa na umaskini usiokuwa wake.

Hapa ndipo nilipofahamu kuwa umaskini uko wa namna mbili. Uko umaskini wa mtu, na uko umaskini wa mtaa. Umaskini wa mtu mmoja huweza kusitiriwa na jirani mwenye nacho, au duka lililo karibu, au barabara nzuri. Lakini umaskini wa mtaa humpata hata yule mwenye kitu, kwani mtu hawezi peke yake kujinunulia barabara, wala zahanati yenye dawa, wala majirani wanaojua kusoma cheti.

Yule aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, na leo ni tabibu, nilipomhadithia mawazo haya alicheka akasema, "Maalim, haya uyasemayo wataalamu wameyapima kwa hesabu." Akanisomea habari za uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 huko Marekani. Katika sehemu nne za nchi ile, watu zaidi ya 13,000 walifuatiliwa kwa muda wa kiasi cha miaka 9. Ikaonekana kuwa wakaao mitaa iliyo duni walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo zaidi kuliko wakaao mitaa iliyo bora. Na wataalamu wale hawakutosheka na hapo. Waliwalinganisha watu wenye mapato sawa, elimu sawa na kazi sawa, na hata hivyo tofauti ya mtaa ilibaki. Yaani watu wawili wenye mshahara mmoja, mmoja akikaa mtaa mbovu na mwingine mtaa mzuri, hatari yao si moja.

Akanisomea na uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2014, wa watu zaidi ya 150,000 katika nchi 17, tajiri na maskini. Huo ulinistaajabisha zaidi. Katika nchi tajiri, visababishi vya maradhi ya moyo, kama mafuta mengi katika damu, vilionekana kuwa vingi zaidi. Na katika nchi maskini vilikuwa vichache zaidi. Lakini wenye kufa kwa maradhi hayo walikuwa wengi zaidi katika nchi maskini. Tajiri ana hatari nyingi, naye anaishi. Maskini ana hatari chache, naye anakufa. Wataalamu wakasema kuwa yumkini sababu yake ni kwamba nchi tajiri zina dawa na matibabu yenye kuyazuia maradhi yasiue. Basi na tuiache ile kauli isemwayo sana vijijini kwetu, kuwa maradhi ya moyo ni maradhi ya matajiri na wanene. Wapo matajiri wayapatao, lakini makaburi yake zaidi yako kwa maskini.

Tena tusiende mbali. Katika hospitali yetu ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari waliwaangalia wagonjwa 427 ambao mioyo yao imedhoofika, na mwaka 2014 wakatangaza waliyoyaona. Wastani wa umri wa wagonjwa wale ulikuwa kiasi cha miaka 55, nao ndio umri ambao mtu huwa bado analea na kusomesha watoto. Karibu nusu yao, asilimia 45, asili ya maradhi yao ilikuwa presha, kitu kipimwacho kwa dakika chache na kuzuiwa kwa vidonge. Na walipotazama ni wagonjwa wa namna gani waliokuwa katika hatari zaidi ya kufa, miongoni mwa mambo waliyoyakuta ni upungufu wa damu, na pia kukosa elimu. Aliyekosa elimu, hatari yake ya kufa ilizidi mara 2 kuliko mwenzake, hata baada ya kuzingatiwa hali zao nyingine za ugonjwa.

Jambo hili la elimu nimelifikiri sana, kwa kuwa mimi mwenyewe elimu yangu ni ya Kurani na ya shule ya msingi, na kazi yangu ni kufundisha kusoma. Elimu ya shule haiongezi nguvu katika nyama ya moyo. Lakini mwenye kujua kusoma huweza kutambua kuwa kidonge hiki ni cha asubuhi na kile ni cha jioni. Huweza kumwuliza daktari bila ya kuona haya. Hufahamu kuwa presha haina maumivu, na kwamba kujiona mzima si dalili ya kupona. Na pale mgonjwa asipojua kusoma, kijana wa jirani ajuaye kusoma aweza kuwa macho yake. Upungufu wa damu nao, mara nyingi asili yake ni chakula kisichotosha na minyoo na malaria, na hayo yote ni mambo ya mtaani kabla hayajawa mambo ya hospitali.

Mtoto wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, baada ya Uhuru wa mwaka 1961 alikuwa akiwahesabia wananchi maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Nami naona kuwa kwa mgonjwa wa moyo maadui hao watatu hawaji mmoja mmoja. Huja pamoja, wameshikana mikono, nao huingia kwa mlango mmoja.

Enyi wazazi, liko jambo lingine liwahusulo watoto wetu, nalo laniuma zaidi kwa kuwa limeingia katika madrasa yangu. Alikuwapo msichana mmoja mwenye sauti nzuri, wa umri wa miaka kiasi cha 11. Sisi twawafundisha watoto kuvuta sauti panapostahili kuvutwa, na kutokata pumzi ila mahali pa kusimama. Msichana huyu alikuwa akijua hukumu zote, lakini pumzi zake zilikuwa zikimwishia katikati ya aya. Wenzake wakikimbia, yeye hukaa kizingitini. Nilikwenda kwa mama yake, mjane akaaye na watoto sita katika chumba kimoja, nikamsihi ampeleke hospitali. Alipopimwa ilionekana kuwa milango ya moyo wake imeharibika.

Tabibu alinieleza asili ya maradhi yale. Mtoto hupata maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu. Yasipotibiwa, mwili katika kupigana na vijidudu vile huweza kuugeukia moyo wenyewe na kuitia makovu milango yake midogo ifungukayo na kufungika kila pigo. Maumivu yale hayarithiwi, wala hayaletwi na jicho la hasidi. Huambukizwa kwa urahisi zaidi pale watoto wanapolala wengi katika chumba kimoja kisichopita hewa. Ndiyo maana maradhi haya yamekuwa nadra sana katika nchi tajiri, ambako zamani yalikuwa mengi. Na kwetu yangalipo. Kuyazuia katika mwanzo wake huhitaji dawa ya penisilini, ambayo ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kuyatibu mwishoni huhitaji kupasuliwa kifua.

Wenzetu wa Uganda, katika mji wa Gulu, walijaribu jambo kubwa. Waliwachukua watoto na vijana 818 ambao kwa kipimo ilionekana kuwa mioyo yao imeanza kuguswa na maradhi haya, ijapokuwa wenyewe hawajahisi kitu. Nusu yao wakapigwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, na nusu hawakupigwa. Baada ya miaka 2, katika waliopigwa sindano, waliozidiwa na maradhi walikuwa 3 tu; katika wasiopigwa walikuwa 33. Habari hii ilitangazwa mwaka 2021. Basi tazameni, ndugu zangu, jinsi sindano ya bei nafuu, ikipigwa kwa wakati wake, ilivyo na nguvu. Lakini pia tazameni sharti lake: kila wiki 4. Mtoto lazima afikishwe penye sindano mara 13 kwa mwaka. Mjane mwenye watoto sita atamfikishaje, ikiwa kila safari ni nauli na siku moja ya kibarua iliyopotea? Hapo tena twarudi palepale: dawa ipo, na mtaa ndio uamuao kama itamfikia mwenye haja.

Msichana yule, namshukuru Mola, anapata sindano zake, kwa kuwa akina mama watatu wa jirani wamegawana zamu za kumpeleka. Hawana mali. Wana siku, na siku hizo wamempa mwenzao.

Wako watakaosema: "Maalim, ajali imeandikwa, mtu hufa siku yake ikifika." Ni kweli, na sisi sote twaamini kadari. Lakini Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), alipokuwa akielekea Sham akapata habari kuwa huko kumeingia tauni, aliwarudisha watu wake; na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa na maana kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine ya Mungu huyohuyo. Kuamini kadari hakukumzuia kuwalinda watu. Basi haitufai sisi kuifanya kadari kuwa pazia la kuficha uvivu wetu. Kidonge kilichokosekana kwa ajili ya nauli hakikukosekana mbinguni. Kilikosekana hapa kwetu.

Na sasa nataka kusema neno ambalo huenda likawa zito. Siku aliyofariki yule mvuvi, watu wa kijiji kile walikusanya fedha za mazishi kabla ya adhuhuri. Sanda ilinunuliwa, chakula cha wageni kilipatikana, vijana walichimba kaburi, gari likakodiwa kuwaleta jamaa kutoka mbali. Nami nilikuwapo, na nilitoa changu. Baadaye nilipiga hesabu moyoni, nikaona kuwa fedha tulizozichanga katika asubuhi ile moja zingalitosha vidonge vyake na nauli zake kwa miezi mingi. Wala fedha hizo hazikutoka nje. Zilikuwamo mwetu siku zote, katika mifuko hiyohiyo ya maskini. Kijiji kilikuwa maskini wa kumtibu, lakini hakikuwa maskini wa kumzika.

Simaanishi kuwa tupunguze heshima ya maiti. Kumzika Mwislamu ni haki yake juu yetu. Lakini na kumzuru mgonjwa ni haki yake pia juu yetu. Sisi tumeifanya haki ya maiti kuwa na daftari, mweka hazina na zamu, na haki ya mgonjwa tumeiacha iwe maneno ya pole mlangoni. Yafaa daftari lile lifunguliwe kabla ya kifo. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, tumeamrishwa kuwafanyia wema jirani wa karibu na jirani wa mbali, wala haikusemwa kuwa wema huo ungoje mpaka jirani aitwe marehemu.

Basi tufanye nini? Mimi si tabibu, nami nitasema yale tu yanayowezekana katika mtaa wa watu wa hali yetu.

Kwanza, tuwajue wagonjwa wetu. Kila msikiti na uwajue watu wake wenye presha na maradhi ya moyo, kwa siri na kwa heshima, bila ya kuwatangaza. Jirani asiyekuwa Mwislamu naye asisahauliwe. Hapa Mara twaishi na Wakristo mlango kwa mlango, na pumzi zikimbana mtu usiku hazimwulizi dini yake. Pili, katika sadaka zetu za kila Ijumaa, sehemu ndogo itengwe kwa nauli na vidonge. Na wenye mali iliyofikia kiwango cha zaka wakumbuke kuwa mafakiri na maskini ndio waliotangulizwa katika makundi 8 ya wenye kustahiki, na mgonjwa fakiri asiyeweza kununua dawa yake yumo miongoni mwao. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, nasema nanyi vijana. Ninyi mnajua kusoma; someni vyeti vya wazee wa jirani na mwakumbushe saa za vidonge. Wenye pikipiki, wawekeane zamu ya usiku, na galoni moja ya mafuta isiyoguswa ila kwa mgonjwa. Wasichana na wavulana, ndoo moja ya maji kwa mama asiyeweza kubeba si kazi kubwa, nayo yaweza kuwa tiba. Nne, akina mama, chumvi ipungue katika vyungu vyetu vyote, si katika sahani ya mgonjwa peke yake, kwani mgonjwa akila chakula cha peke yake huona unyonge, tena presha haijulikani kesho itamwingia nani. Mtoto akilalamika koo na homa, msimtosheleze kwa maji ya chumvi na dua tu. Mpelekeni zahanati, na dua iende naye. Na sisi walimu, tufungue madirisha ya madrasa na tusiwabananishe watoto mkekani kama dagaa.

Tano, na hili ni la wanaume waendao katika mikutano ya kijiji: tuseme. Sadaka ya msikiti yaweza kununua vidonge, haiwezi kujenga barabara wala kumpasua mtu moyo. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, na operesheni ambazo zamani wagonjwa walipelekwa India kufanyiwa, nyingi hufanywa hapa nchini. Ni neema kubwa. Lakini kutoka Musoma kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na hata Bugando ya Mwanza iko mbali zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ni jambo jema, na wajibu wetu ni kuulizia kwa adabu na bila ya kuchoka: je, zahanati yetu ina kipimo cha presha kinachofanya kazi, na je, vidonge vimo? Mwenye kuuliza hayo hafanyi fitina. Anamwombea jirani yake uhai.

Tena mwezi wa Ramadhani usitupite bila ya neno. Wako wagonjwa wa moyo wanaoacha dawa ili wafunge, wakiona haya kuonekana wanakula. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, naye mwenye kuikataa ruhusa hiyo kwa kuwaogopa watu, atakuwa amewaogopa watu kuliko alivyomtii Mola wake. Mgonjwa na amwulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Na majirani wazuie ndimi zao.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kuugeuza mtaa maskini kuwa tajiri kwa mwaka mmoja. Lakini umaskini wa mtaa una sehemu mbili: kuna kukosa vitu, na kuna kukosana. Kukosa vitu kutachukua muda mrefu, na kwataka Serikali na jasho na subira. Kukosana, yaani kila mtu kuugua peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, hilo twaweza kuliondoa kuanzia wiki hii, kwa kugonga mlango mmoja na kuuliza: "Vidonge vyako bado vipo?"

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na ailainishe ile mioyo mingine, ya walio wazima, iwasikie wenzao.

Wabillahi tawfiq.